Chuma Namba 7: Mjadala wa Fimbo za Anayeanza Gofu

Chuma cha gofu ni fimbo yenye kichwa chembamba cha bapa, inayotumika kuutoa mpira katikati ya uwanja na kuufikisha kwenye grini, pale nyasi zilipokatwa chini kabisa na shimo likachimbwa. Kina sehemu tatu: kichwa, mpini na mshikio. Kichwa nacho kina uso unaogonga mpira, soli inayokwaruza ardhi, na shingo inayopokea mpini. Nambari iliyochapwa kwenye soli, kuanzia 3 au 4 hadi 9, hutaja nafasi ya fimbo hiyo katika ukoo wake. Nambari ikipanda, uso hulala zaidi, mpini hufupika kwa takriban nusu inchi, mpira hupaa juu zaidi na kutua karibu zaidi. Baada ya 9 hufuata weji, chuma chenye uso uliolala kuliko vingine vyote, kwa mipira ya karibu na ya mchangani.

Kanuni za gofu zinaruhusu fimbo zisizozidi 14 katika raundi moja. Kikomo hicho kiliwekwa na chama cha gofu cha Marekani, USGA, mwaka 1938, na R&A ya St Andrews huko Uskoti ikafuata mwaka 1939. Kabla ya hapo mchezaji alibeba kiasi ambacho kedi wake, yaani mbeba mfuko, angeweza kukistahimili. Idadi ya chini haikuwekwa kamwe. Kati ya fimbo 14 zinazoruhusiwa na moja inayotosha kuupiga mpira ndipo anayeanza anaposimama na fedha zake mkononi, na hapo ndipo sauti zinapoanza kupishana.

Sauti hizo ni nne, na klabu nyingi za gofu zinazo. Mkongwe alijifunza mchezo enzi ambazo kila chuma kizuri kilikuwa chembamba kama kisu. Fundi wa fimbo hukata mipini, hukunja shingo za vichwa na kupima wachezaji. Mwalimu hukaa uwanja wa mazoezi asubuhi mpaka jioni, akitazama watu wakikosa mpira. Kedi amebeba mifuko ya wengine kwa miaka, na anajua ni fimbo zipi hazitoki mfukoni. Muuzaji wa duka huingia mara kwa mara bila kualikwa.

Mkongwe anaanza na kichwa. Kwa maoni yake, anayeanza anunue vyuma vya bapa kamili, vile ambavyo mgongo wake ni mnene katikati na soli yake ni nyembamba. Vyuma hivyo hufuliwa: kipande cha chuma laini hupashwa moto na kugandamizwa mpaka kipate umbo, kazi ambayo mhunzi wa zamani angeitambua. Hoja yake ni ya malezi. Mpira ukigongwa vibaya na chuma cha namna hiyo, mikono hufa ganzi, na mpira huanguka njiani. Mchezaji anajua papo hapo kwamba amekosea. Chuma kinachosamehe, anasema, kinamlea mtu kama mtoto asiyekanywa.

Fundi anaijibu hoja hiyo kwa kueleza kinachotokea chuma kinapogusa mpira. Uso wa kila chuma una mahali pamoja ambapo uzito umejipanga sawa pande zote, kiini chake. Mpira ukigongwa hapo, nguvu karibu zote huingia kwenye mpira. Ukigongwa nje yake, tuseme kuelekea nchani, kichwa huzunguka kidogo kama mlango kwenye bawaba, uso hufunguka, nguvu hupotea na mpira huenda pembeni. Dawa ni kukifanya kichwa kiwe kigumu kuzungushwa, na njia ya kufanya hivyo inajulikana na kila aliyewahi kuchukua maji kwa mzega. Ndoo mbili zikining'inia kwenye ncha za mti, mtu hawezi kugeuka ghafla. Uzito uleule ukiwa umekumbatiwa tumboni, hugeuka upesi. Basi mtengenezaji huondoa chuma nyuma ya kiini, akaacha shimo, kisha akakihamishia kingoni na chini kwenye soli. Umbo hilo la mgongo wenye shimo ni gumu kufuliwa, kwa hiyo vichwa vyake vingi husubiwa: chuma huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu.

Wazo hilo lina mwenyewe, na maisha yake yanafaa kujulikana na kila anayeanza. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akalelewa Seattle katika familia ya fundi viatu, naye mwenyewe akafanya kazi hiyo kabla ya kuwa mhandisi wa kampuni ya General Electric. Aligusa fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 42, kwa kushawishiwa na wenzake kazini. Alipoona mpira haumtii, aliilaumu fimbo kabla ya kujilaumu mwenyewe, kisha akaichunguza kihandisi. Mwaka 1959 alitengeneza nyumbani kwake, katika gereji, pata, fimbo ya kubingirishia mpira kwenye grini, yenye uzito uliosukumwa kwenye ncha mbili; mlio wake ulipogonga mpira ndio uliozaa jina Ping. Kanuni hiyohiyo aliihamishia kwenye vyuma, na seti ya Eye2, iliyotoka mwaka 1982, ikawa miongoni mwa vyuma vilivyouzwa kwa wingi kuliko vyote katika historia ya mchezo. Chuma chenye mgongo wa shimo, basi, kilitokana na mtu aliyeanza ukubwani, mwenye mikono isiyozoea, aliyekataa kuamini kwamba mateso ndiyo mwalimu pekee.

Mkongwe hajakubali. Anauliza: asiposikia maumivu, atajuaje amegonga wapi?

Hapa mwalimu anaingia, na jibu lake ndilo lenye uzito zaidi katika sehemu hii ya mjadala. Ganzi ya mikono humwambia mtu kwamba amekosa, lakini haimwambii amekosa kwa upande gani. Mchezaji mwenye uzoefu wa miaka ishirini anaweza kutofautisha mtetemo wa ncha na mtetemo wa kisigino cha kichwa. Mgeni anachosikia ni kipigo tu, na baada ya vipigo kumi huanza kukaza mabega, na mabega yaliyokazwa ni kosa jipya juu ya lile la kwanza. Taarifa iliyo wazi inapatikana kwa bei ya kalamu ya ubao mweupe: mpira hupakwa wino nyuma, huwekwa chini, hupigwa, na doa hubaki usoni mwa chuma likionyesha mahali hasa palipogongwa. Mipira ishirini na kitambaa cha kufutia hufundisha kuliko mwezi mzima wa ganzi.

Kuna jambo jingine ambalo chuma cha kusamehe humpa mgeni. Uzito uliowekwa chini huusaidia mpira kupaa. Soli pana huteleza juu ya nyasi pale ambapo soli nyembamba ingechimba kama jembe. Vyuma vingi vya aina hii pia vina uso uliorudishwa nyuma kidogo ya mstari wa mpini, ili uso upate muda wa kufunga kabla ya kugonga. Hilo hupunguza ugonjwa wa karibu kila anayeanza, mpira unaokata kona kwenda kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Wachezaji wa kulipwa wenyewe, katika mashindano makubwa, wengi huchanganya: vyuma virefu vyenye shimo mgongoni, vifupi vya bapa. Ikiwa wao wanahitaji msamaha kwenye chuma namba 4, ni vigumu kueleza kwa nini mgeni aukose kwenye namba 7. Hoja ya mkongwe kuhusu malezi ni ya heshima, lakini katika suala la kichwa cha kuanzia, fundi na mwalimu wana haki.

Suala la pili huletwa na muuzaji, na huja kama zawadi. Anamwekea mteja chuma namba 7 kipya, na mpira unakwenda mbali kuliko namba 7 ya zamani ya mjomba wake. Mteja anafurahi. Fundi anauliza swali moja: uso umelala nyuzi ngapi?

Swali hilo lingepaswa kuulizwa katika kila duka. Nambari iliyo kwenye soli haina kipimo kilichokubaliwa popote. Miaka ya 1970 na 1980 uso wa chuma namba 7 ulilala kwa nyuzi 35 au zaidi. Leo vyuma vingi vilivyotengenezwa kwa wanaoanza vina nyuzi 28 hadi 30 kwenye namba ileile, kiasi ambacho zamani kilikuwa cha namba 5 hivi. Mpira unakwenda mbali kwa sababu uso umesimama zaidi, na mpini mara nyingi umerefushwa kidogo. Mtu hajapata nguvu mpya. Amepewa fimbo nyingine yenye jina lile la awali. Muuzaji ana utetezi wa kweli: uzito ukishushwa chini kabisa, mpira ungepaa kupita kiasi, kwa hiyo uso husimamishwa ili kurudisha uwiano. Utetezi huo unamfaa mwenye kasi. Anayezungusha fimbo polepole huona mpira ukiruka chini, ukitua kwenye grini bila kukaa, na kubingirika hadi upande wa pili.

Madhara mengine yako mwisho wa seti. Weji ya kwanza katika seti hizi mara nyingi ina nyuzi 42 au 43, wakati weji ya mchangani, inayonunuliwa peke yake, ina 54 hadi 56. Vyuma kwa kawaida hupishana kwa nyuzi nne au tano, basi hapo katikati kuna pengo la fimbo nzima au mbili, na pengo hilo liko katika umbali ambao mgeni hukutana nao karibu kila shimo. Anayenunua seti ya kisasa anahitaji weji ya kuziba pengo, yenye nyuzi 48 au 49. Anayerithi seti ya zamani, ambayo weji yake ya kwanza ina 48, haihitaji. Watengenezaji huchapisha jedwali la nyuzi za kila fimbo. Kulisoma ni kazi ya dakika mbili.

Kedi huongeza jambo ambalo majedwali hayana. Umbali hutegemea hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko unavyoruka Dar es Salaam au Mombasa. Mgeni aliyejipima bara na kujiandikia yadi zake kwenye karatasi hushuka pwani na kukuta kila mpira unatua kabla ya grini. Fimbo zake ni zilezile. Ndiyo maana kedi mzuri humuuliza mgeni wake ametoka wapi kabla ya kumuuliza anapiga namba gani.

Suala la tatu ni idadi, na hapa kedi anasema zaidi ya wote. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza wakiwa makedi, na fimbo ya kwanza ya kedi mara nyingi ni moja tu: ya kuazima, au iliyovunjika ikaungwa. Kwa fimbo hiyo moja mtu hujifunza kuupiga mpira juu, chini, nusu ya nguvu, robo ya nguvu. "Mzee," kedi anamwambia mkongwe, "anayeanza akipewa fimbo saba, hutumia saa nzima kuchagua na dakika moja kupiga."

Mkongwe, kwa mara ya kwanza, anaitikia. Anamkumbuka Seve Ballesteros wa Pedreña, kaskazini mwa Hispania, aliyejifunza gofu utotoni kwenye mchanga wa ufukweni kwa chuma namba 3 peke yake, akilazimika kuulaza na kuusimamisha uso wake kwa mikono ili kupata kila aina ya mpira. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open, na mwaka uliofuata akatwaa Open ya Uingereza, ya kwanza kati ya zake tatu.

Mwalimu anaona hatari katika mfano huo. Ballesteros alikuwa mtoto mwenye siku nzima ya kucheza, na mwenye kipaji cha nadra. Chuma namba 3 ni miongoni mwa fimbo ngumu kuliko zote: uso wake umesimama, kwa hiyo mpira hupaa tu ikiwa fimbo inakwenda kwa kasi. Kwa mgeni mwenye kasi ndogo, namba 4 na namba 5 hupeleka mpira umbali uleule, au namba 4 hufika karibu zaidi kwa kuwa mpira haukupaa. Amelipia fimbo mbili akapata umbali mmoja. Kwa sababu hiyo seti nyingi za sasa huanzia namba 5 au 6, na nafasi za juu yake huchukuliwa na haibridi, fimbo yenye kichwa kinene kidogo ambacho huinua mpira kwa urahisi hata kutoka kwenye nyasi ndefu.

Kutokana na majibizano hayo idadi inajitokeza. Mtu mzima anayeanza anaweza kucheza raundi kamili kwa chuma namba 7, namba 9, weji ya mchangani, haibridi moja na pata. Hizo ni tano. Fedha inayobaki ilipe masomo na mipira ya mazoezi. Akishapata umbali unaotabirika kwa namba 7 na namba 9, ataongeza 6, 8 na weji ya kwanza. Kwa sababu hii seti inayouzwa kwa fimbo mojamoja, au iliyotumika ambayo mwenyewe yuko tayari kuigawa, ina thamani kuliko sanduku kamili linalong'aa. Lakini kuna angalizo la kanuni: marafiki wawili hawawezi kuchangia mfuko mmoja katika mashindano ya kawaida, kwani mchezaji haruhusiwi kutumia fimbo ambayo mwingine anaitumia kiwanjani. Kuazima kabla ya raundi ni sawa. Kupokezana njiani ni adhabu. Mazoezini wanaweza kuchangia wapendavyo.

Suala la nne ni mpini, na fundi hulipa muda mrefu kuliko yote, kwa haki kabisa, kwa sababu wengi hununua kichwa na kupokea mpini wowote utakaokuja nacho. Mipini ni ya namna mbili. Wa chuma una uzito wa gramu 90 hadi 130, ni wa bei nafuu, haupindi hovyo na hutoa hisia ileile kila mara. Wa grafaiti una gramu 50 hadi 90, hupunguza mtetemo unaofika kwenye viwiko, na humsaidia mwenye nguvu kidogo kuongeza kasi. Mkongwe huuita wa grafaiti mpini wa wazee. Fundi humkumbusha kwamba hata mpini wa chuma ulipigwa vita: R&A iliukubali mwaka 1929, miaka michache baada ya Wamarekani, na kabla ya hapo waliocheza kwa mipini ya mti wa hikori waliuona kuwa udanganyifu. Anayeanza akiwa na miaka 55 na kiwiko kinachouma achague grafaiti bila kuona haya. Kijana wa miaka 25 mwenye mabega mapana hana sababu ya kuilipia.

Ugumu wa mpini huandikwa kwa herufi: L, A, R, S na X, kutoka laini hadi mgumu sana. L husomwa kama ya wanawake na A kama ya wazee, na hapo ndipo kosa huzaliwa. Mpini haujui umri wala jinsia ya aliyeushika, hujibu kasi. Mwanamke mwenye kasi hupoteza mwelekeo kwa L, na mwanamume mwenye mzungusho wa taratibu hupoteza urefu kwa S aliyoichagua kwa fahari. Kwa kuwa herufi hizi, kama nambari za soli, hazina kipimo kimoja kwa watengenezaji wote, njia ya hakika ni kupimwa kasi kwa mashine ya rada, au kupiga mipini miwili tofauti yenye kichwa kimoja na kuulinganisha mwendo wa mpira.

Kisha urefu na mkao. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuhitaji fimbo tofauti kwa sababu mmoja ana mikono mirefu. Hivyo fundi hupima kimo, halafu umbali kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni, mikono ikining'inia. Mkao ni pembe kati ya mpini na ardhi. Soli inapaswa kulala sawa wakati wa kugonga. Ncha ikinyanyuka, mpira wa anayetumia mkono wa kulia huenda kushoto. Kisigino kikinyanyuka, huenda kulia. Maelfu ya wachezaji hurekebisha mwili kufuata kosa la fimbo, wakijifunza kwa bidii kuupinda mzungusho uliokuwa sawa. Hakuna hasara inayosikitisha zaidi ya hii katika mchezo mzima, maana anayeipata ni yule anayejitahidi. Kipimo chake hakihitaji duka: mstari wima huchorwa kwa kalamu nyuma ya mpira, mpira hupigwa, na mstari hujichapa usoni mwa chuma. Ukisimama wima, mkao ni sahihi. Ukiegemea upande, kichwa kikunjwe nyuzi moja au mbili, kazi ya dakika chache kwa chuma kilichofuliwa. Vilivyosubiwa ni vigumu zaidi kukunja na vingine huvunjika. Kampuni ya Ping huuza vyuma vyake kwa mikao mbalimbali yenye alama za rangi, nyeusi ikiwa mkao wa kawaida.

Kuna pendekezo ambalo hupita mjadalani kwa kelele kubwa: vyuma vyote viwe na urefu mmoja, ule wa namba 7, ili anayeanza ajifunze kusimama na kuzungusha kwa namna moja tu. Bryson DeChambeau, aliyesoma fizikia chuo kikuu, ameshinda US Open mwaka 2020 na 2024 kwa vyuma vya namna hiyo. Mwalimu anavutiwa na urahisi wake. Fundi anaonya kwamba namba 5 iliyofupishwa hupoteza kasi na urefu wa kupaa, na weji iliyorefushwa ni ngumu kuitumia kwa mipira midogo karibu na grini. Anayefuata ushauri wa fimbo tano hahitaji kuamua. Kati ya 7 na 9 tofauti ni inchi moja.

Ardhi nayo ina sauti yake, na kedi ndiye mkalimani. Viwanja vingi vya nyanda za juu vimeota nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni Afrika Mashariki na zimepewa jina la Wakikuyu, kisha zikasambaa hadi Afrika Kusini, Australia na California, ambako uwanja wa Riviera mjini Los Angeles unajulikana kwazo. Katikati ya uwanja, zikikatwa vizuri, huushika mpira juu kama umewekwa kwenye brashi, na chuma chochote kinatosha. Pembeni, zikiwa ndefu, hujisokota kwenye shingo ya fimbo na kufunga uso. Huko namba 5 ni balaa. Kedi humpa mgeni namba 9 na kumwomba arudi njiani kwanza. Soli pana hufaa sana wakati wa masika, ardhi ikiwa tepetepe. Kiangazi ardhi ikikauka kama sakafu, soli hiyohiyo hudunda, na makali ya chini ya uso hugonga mpira tumboni. Anayecheza zaidi kwenye ardhi kavu achague soli ya wastani, ingawa muuzaji atamwonyesha ile pana kuliko zote.

Mwisho ni bei. Hakuna anayebisha kwamba vyuma vilivyotumika ndivyo vinavyomfaa anayeanza: kichwa cha chuma hakizeeki upesi, na seti za Eye2 za miaka ya 1980 bado zinapiga. Ubishi uko kwenye ukaguzi. Fundi hutazama mpini kwa jicho moja kama anayekagua ubao, akitafuta mpindo. Hutikisa kichwa asikie kama kimelegea. Huangalia kutu karibu na shingo, na nyufa kama mpini ni wa grafaiti. Huhakikisha mipini yote ni ya aina moja, kwa sababu seti iliyokusanywa kutoka mifuko mitatu hupiga mara tatu tofauti. Michirizi ya usoni iwe bado inashika ukucha. Mshikio uliokauka kwa jua usimzuie mnunuzi, kwani kuubadilisha ni gharama ndogo. Feki zipo, hasa za majina makubwa. Seti nyingi za kweli zina nambari ya utambulisho kwenye shingo ya fimbo mojawapo, na mtengenezaji anaweza kuulizwa kuihusu.

Wawili wana shida ya pekee sokoni. Mashoto hupata vilivyotumika kwa nadra, na wengine hulazimika kujifunza kwa mkono wa kulia kwa sababu hiyo tu. Akipata hata namba 7 moja ya kushoto, aanze nayo na asubiri nyingine. Mtoto naye hukatiwa fimbo ya baba. Ikikatwa, urefu hupungua, lakini kichwa hubaki kizito na mpini huwa mgumu zaidi, na mtoto hujifunza kuivuta kwa mwili mzima. Fimbo mbili nyepesi za kimo chake zinamtosha.

Linabaki swali la mkongwe, ambalo amelishikilia tangu mwanzo: vyuma vya bapa vitakuja lini? Mwalimu hamkatalii. Anachukua kalamu yake ya ubao, anapaka wino mipira ishirini, na kumwomba mwanafunzi aipige yote kwa namba 7 bila kufuta uso. Madoa yakitapakaa kutoka kisigino hadi ncha, abaki na chuma chenye shimo mgongoni. Yakikusanyika mahali padogo kama sarafu ya shilingi ishirini, siku tatu mfululizo, mkongwe anaweza kwenda kumfungulia kabati lake.